Daftari la mdogo wangu: namna ya kupima tabia iliyobadilika baada ya kuumia kichwa

Siku ya kwanza daktari alipotuuliza, "Tabia zake nyumbani zikoje?", tulijibu watu watatu kwa mpigo mmoja. Wifi yangu alisema mume wake amekuwa mkorofi. Mimi nikasema amekuwa mvivu. Mama akasema huyu si mwanawe, kuna kitu kimemwingia. Mdogo wangu mwenyewe alikuwa amekaa katikati yetu, shati kachomekea vizuri. Akatabasamu: "Mimi mzima, daktari. Hawa wananisingizia." Daktari akaandika mstari mmoja, tukapewa dawa ya kichwa na tarehe ya kurudi.

Tulipofika nje wifi alilia, kwa sababu usiku wa kuamkia siku ile sahani ya wali ilikuwa imepita juu ya kichwa cha mwanawe wa miaka 6. Mtaalamu mmoja wa utengamao, yaani wa kumsaidia mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku, alikuwa akipita; alisimama, akasikiliza, akauliza maswali mawili matatu, kisha akasema: "Nunueni daftari. Msiniletee 'mkorofi', nileteeni saa."

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, si daktari wala muuguzi. Mdogo wangu alikuwa anaendesha bodaboda, akapata ajali, akalala wodini siku 23. Haya ninayoyaeleza nimeyapata kwa mwaka na nusu, mengine kwa mtaalamu yule, mengine kwa kukosea. Yanamhusu mtu aliyekwisha kuruhusiwa, anatembea, anakula mwenyewe, anaongea, lakini kila mtu pale nyumbani anajua kuna kitu hakiko sawa.

Mteja akiniambia gauni "halijakaa vizuri", siwezi kushika mkasi kwa neno hilo. Nachukua futi, napima bega, napima kiuno, nagundua tatizo ni kwapa. "Mkorofi" na "mvivu" ni maneno ya namna hiyo hiyo. Yanaeleza ulivyoudhika wewe. Hayaelezi alichofanya yeye.

Mjue wa zamani kwanza

Huwezi kusema kitu kimebadilika kama hukijui kilivyokuwa. Mimi nilidhani namjua mdogo wangu, nimembeba mgongoni. Nilipokwenda kijiweni kwao kuwauliza wenzake nikasikia habari za mtu mwingine: alikuwa mkali akidhulumiwa nauli, alikuwa na deni, Ijumaa alikuwa akinywa bia mbili. Mama kwa upande wake aliapa kwamba mwanawe hajawahi kuinua sauti tangu azaliwe. Ajali inamsafisha mtu kama msiba unavyomsafisha marehemu, kwa hiyo uliza watu wasiopungua watatu, tena wa sehemu tofauti: nyumbani, kazini, msikitini au kanisani. Uliza alikuwa anaamka saa ngapi bila kuamshwa, hela alikuwa anaitunzaje, utani wake ulikuwa wa namna gani, akikasirika alikuwa anapoa baada ya muda gani, pombe, usingizi, wivu. Andika ukurasa mmoja, weka tarehe, usiuguse tena. Huo ndio utakaolinganisha nao.

Chukua pia karatasi ya kuruhusiwa. Yetu iliandikwa GCS 9/15. Ni kipimo cha fahamu kilichotungwa Glasgow mwaka 1974 na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett. Kinaangalia macho yanavyofumbuka, maneno yanavyotoka na viungo vinavyoitikia. Chini kabisa ni 3, juu kabisa 15. Kuanzia 13 kwenda juu jeraha huhesabiwa dogo, 9 mpaka 12 la wastani, 8 kushuka chini kali. Lakini namba hiyo ni ya siku ile aliyoletwa. Haikuambii kama mwezi wa nne atamtukana mama mkwe.

Swali lililotufaa zaidi ni hili: kumbukumbu yake ilianza kushikana lini? Simaanishi siku aliyofumbua macho. Namaanisha siku ambayo kuanzia hapo anaweza kukusimulia ya jana na juzi bila mapengo. Kipindi cha kuchanganyikiwa kikiwa kirefu, mara nyingi na mabadiliko ya baadaye huwa mazito. Kwake zilikuwa kama wiki mbili, ingawa kwa macho ya kawaida alikuwa "ameamka" tangu siku ya tano.

Kabla ya kuiita tabia

Hapa usikimbie. Mtu aliyeumia kichwa akibadilika ghafla, ndani ya siku chache, usifungue daftari. Mpeleke hospitali. Damu inaweza kuvuja taratibu chini ya fuvu ikajitokeza wiki kadhaa baada ya ajali, hasa kwa wazee na wanywaji wa pombe. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, mkono au mguu kulegea upande mmoja, degedege, maji maji meupe kutoka puani au sikioni: hayo ni ya siku hiyo hiyo, hayasubiri tarehe ya kliniki. Homa nayo humvuruga akili mtu ambaye ubongo wake umeshachoka. Malaria moja ilitupotezea wiki nzima tukidhani amerudi nyuma.

Angalia dawa. Baadhi ya dawa za kuzuia kifafa, kama levetirasetamu na fenobabitoni, zinaweza kumfanya mtu awe mwepesi wa hasira. Andika tarehe dawa ilipoanza na tarehe dozi ilipobadilishwa, uweke kando ya siku ambazo mambo yaliharibika, upeleke kwa daktari. Usiikatishe mwenyewe. Kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege kali kuliko hasira unayoikimbia. Angalia usingizi, angalia maumivu, angalia pombe, maana bia mbili za zamani sasa zinafanya kazi ya kreti.

Halafu angalia pua. Hili watu hawalisemi. Siku moja wifi alimkuta anakula maharage ya juzi yaliyochacha, yana povu, anakula kwa utulivu kabisa. Jirani akasema ndiyo hivyo tena, kichaa kimekolea. Mimi nikamfunga macho kwa kitambaa, nikamziba tundu moja la pua, nikamnusisha kahawa, kisha kipande cha sabuni, kisha mchaichai uliopondwa, halafu tundu la pili. Hakujua hata kimoja. Kumbe mtu hasikii harufu! Tukaacha kumwita mchafu siku ile, na tukaacha kumwachia jiko la gesi peke yake.

Mtaalamu alitueleza kwamba pua na tabia ni majirani. Sakafu ya fuvu, pale juu ya macho, ina mifupa yenye makorongo makorongo. Kichwa kikisimama ghafla, ubongo wa mbele husuguana nayo, hata kama pigo lenyewe lilikuwa kisogoni, na nyuzi nyembamba za harufu zinazopita pale hukatika. Sehemu hiyo hiyo ya mbele ndiyo inayotuzuia tusiseme kila tunachowaza, ndiyo inayotusukuma kuanza jambo, ndiyo inayopanga kipi kitangulie. Kwa hiyo pua iliyokufa haithibitishi kitu, lakini inakuambia uchunguze tabia kwa makini zaidi.

Daftari lenyewe

Nilinunua kaunta buku, nikapiga mistari kwa rula ya cherehani. Safu nne: saa, kilichotangulia, alichofanya au alichosema, kilichofuata. Hukumu hairuhusiwi humo. Kama neno haliwezi kuonekana wala kusikika, lisiingie. "Alikasirika bila sababu" nililifuta mara nyingi sana mwezi wa kwanza.

Hii ni moja ninayoinakili kama ilivyo:

Jumanne, saa 1:20 usiku. Kilichotangulia: leo hakulala mchana. TV imewashwa, tamthilia. Watoto wawili wanasoma kwa sauti. Wifi kamuuliza, "Dawa umekunywa? Na ile hela ya mchezo umeiweka wapi?" bila kungoja jibu la kwanza. Alichofanya: alishika paji la uso, akasema "Niacheni". Wifi akarudia swali. Akasema "Niacheni" tena. Akatupa kikombe ukutani. Hakumlenga mtu. Kilichofuata: wote kimya, TV ikazimwa, akaenda chumbani. Dakika kama 10 akatoka akauliza nani kavunja kikombe.

Soma tena taratibu. Kuna mkono kwenye paji la uso, kuna "niacheni" mara mbili. Miezi mitatu tulisema analipuka bila onyo, kumbe onyo lipo, sisi ndio hatukuwa tukilisikia. Na safu ya mwisho ina lake: kila alipotupa kitu alipata kimya. Kimya ndicho alichokuwa anakiomba kwa mdomo.

Baada ya wiki mbili nilichukua karatasi ya kukatia pateni, nikachora saa za siku, nikaweka nukta. Milipuko 11. Tisa iko kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku. Hakuna hata mmoja uliotokea akiwa na mtu mmoja tu anayeongea kwa zamu. Basi "mkorofi" likafa pale. Tulichokuwa nacho ni mtu ambaye jioni ubongo wake umeisha chaji na hawezi kusikiliza sauti mbili.

Pima na ukubwa wa fujo kwa namba. Wodini kuna kipimo cha fujo kilichotolewa na John Corrigan mwaka 1989, chenye vipengele 14, kila kimoja kuanzia 1 hadi 4, jumla yake 14 mpaka 56. Kile ni cha wagonjwa wanaoanza kuzinduka, na anayekitumia awe amefundishwa. Sisi tuliazima ngazi zake tu: 1 haipo, 2 kidogo, 3 kiasi, 4 imezidi. Kila Jumapili, mimi kivyangu na wifi kivyake, bila kuoneshana, tulitoa namba kwa mambo sita tuliyoyachagua. Tulipotofautiana tulijifunza zaidi kuliko tulipokubaliana. Wifi alimpa 4 kwenye wivu, mimi 1. Mimi silali chumba kimoja naye. Mama alitoa 1 kila mahali. Tukamwacha.

Uvivu, huzuni, au mota haiwaki

Hili lilikuwa langu, na nina deni nalo. Nilimwita mvivu mbele ya watu. Anaketi kwenye mkeka tangu asubuhi, ukimwambia akaoge anaenda, usipomwambia hajongei. Ukimpa ufagio anafagia, akifika mlangoni anasimama na ufagio mkononi.

Mtaalamu akaniuliza: "Na mpira je?" Nikanyamaza. Mdogo wangu ni Simba wa damu. Wiki ile Simba na Yanga walicheza, mtaa mzima ulikuwa na kelele, yeye hakuuliza hata matokeo. Mvivu hukwepa jembe, hakwepi mpira. Mtu asiyeanza hata lile alilokuwa akilipenda, lakini ukimwanzishia anafanya, huyo sehemu ya kuanzisha ndiyo imeumia. Ndiyo maana kwenye daftari tukaongeza alama: A kwa jambo alilolianza mwenyewe, K kwa jambo aliloanza baada ya kukumbushwa. Siku za mwanzo zilikuwa K tupu.

Huzuni ni jambo la tatu, na inafanana mno. Mwenye huzuni anajiona hafai, analia, anajilaumu kwa ajali, anaamka alfajiri na mawazo; yule wa mota isiyowaka ukimuuliza anasema yuko sawa, na kweli uso hauna kitu. Vinaweza kuwa pamoja. Muulize waziwazi, mkiwa wawili, kama amewahi kuwaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, dawa na kamba na sumu za shambani ziondoke, mwende hospitali siku hiyo.

Mdomo na mfuko

Msibani, mbele ya turubai limejaa watu, alimuuliza mfiwa: "Sasa wewe utaolewa lini?" Hakuwa na nia mbaya, alikuwa akitabasamu. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Lakini jioni nikaandika maneno yake yaleyale, nani alikuwepo, na kama alijua baadaye kwamba amekosea. Hakujua. Kwenye tathmini hilo la mwisho lina uzito kuliko maneno yenyewe: anayejutia baada ya dakika tano na asiyejua kabisa hawasaidiwi kwa njia moja.

Mfukoni angalia simu. Kwa ruhusa yake tulifungua ujumbe wa mikopo ya simu, tukakuta mitano ndani ya mwezi mmoja, na redio mbili za aina moja chini ya kitanda. Ushahidi wa namna hii una tarehe na saa, haubishani na mtu.

Kutojua kwake nako kunapimika, tena bila ugomvi. Kabla ya jambo, mwache atabiri. "Nikikutajia vitu vitano vya dukani, utakumbuka vingapi?" "Vyote." Akakumbuka viwili. Andika utabiri na matokeo, usicheke, usimwambie "umeona?". Ukirudia kila wiki utaona pengo kati ya namba hizo mbili likipungua, au lisipungue.

Mtihani mzuri kuliko yote nyumbani ni kumtuma. Nampa 5,000: nyanya za 1,000, sabuni ya kipande, vocha ya mama ya 500, na kabla ya yote apite kwa fundi viatu aulize kama kiatu cha mtoto kiko tayari. Mtu anamfuata kwa mbali. Naandika alianza mwenyewe au K, alifuata mpangilio, alifanyaje nyanya zilipokosekana kwenye genge la kwanza, chenji ilirudi kiasi gani, dakika ngapi. Mwezi wa tano alitumia saa nzima na akarudi na kuku.

Pikipiki usiitumie kama mtihani. Funguo zikae mbali mpaka daktari aseme.

Kulipeleka kliniki

Sasa nikaelewa kwa nini daktari alimwona mzima. Chumba kimya, asubuhi, mtu mmoja anauliza swali moja, anangoja jibu. Kwenye daftari langu hayo ndiyo mazingira ambayo hajawahi kulipuka hata siku moja! Mtu aliyeumia ubongo wa mbele anaweza kukupitia mahojiano ya dakika 15 kwa adabu zote, akaenda kuharibikiwa jikoni kwake.

Usibebe daftari lote, hakuna atakayelisoma. Ukurasa mmoja: alivyokuwa zamani kwa mistari mitatu, mambo matatu yanayosumbua zaidi, mifano miwili iliyonakiliwa neno kwa neno, saa zinazojirudia, dawa na tarehe zake, na yale anayoyaweza. Yale anayoyaweza usiyaache. Omba dakika tano uzungumze bila yeye, lakini mwambie kabla, usimnong'onee daktari mlangoni kama unamsengenya. Safari ya pili daktari alisoma, akauliza maswali ambayo hakuwa ameyauliza, akabadilisha saa za dawa moja na kutuandikia rufaa ya utengamao.

Makosa mawili niliyofanya. Nilimrekodi video akilia na kucheka kwa pamoja, nikaituma kwenye kundi la familia kuomba ushauri. Ikafika kijiweni kwao kabla ya jua kuzama. Video ni ya daktari, fupi, na ifutwe. La pili, nilibishana na mama kuhusu majini. Sikushinda. Tulipoacha kubishana tukakubaliana hivi: aombewe, lakini asifungwe kamba, asipigwe, asilazimishwe kufunga kula, na dawa asiruke. Mama akawa ndiye mhesabu vidonge mwaminifu kuliko sote.

Watu huuliza itachukua muda gani. Mtaalamu yule alitusimulia habari za Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli huko Vermont, Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848 baruti ililipuka, na chuma cha zaidi ya mita 1, uzito wa kilo 6 hivi, kikaingia chini ya shavu la kushoto kikatokea juu ya kichwa. Hakufa. Daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba rafiki zake walimwona siye Gage tena. Habari hiyo huishia hapo watu wakiisimulia, lakini baadaye Gage alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, kazi ya njia ileile na ratiba ileile. Nilipolisikia hilo nikarudi nyumbani nikampangia mdogo wangu siku yake kwa saa, nikaibandika ukutani karibu na kalenda.

Ukurasa wa juzi, Jumapili, saa 11:40 jioni. Alianza mwenyewe: A. Kwa fundi viatu alipita. Nyanya alileta, sabuni alileta, vocha alisahau. Chenji sawasawa. Dakika 35, kwa sababu njiani alisimama kijiweni, akauliza Simba wametoka ngapi ngapi.